Niliyekimbiza Mapigo Ni Mimi

Otilia,

Mambo ya safari sitayaandika. Sabuni, shuka, cheti cha kuzaliwa, kumpigia simu shangazi ukifika Morogoro, hayo umeshaambiwa mara tatu. Nikiyarudia mara ya nne utanichukia kwa sababu ndogo, na mimi nataka ukinichukia uwe na sababu kubwa.

Umeteremka kwa bibi yako kuaga. Najua hatakuachilia mpaka ule ugali wake, kwa hiyo nina muda mpaka jua likaribie mlima. Nimesogeza madaftari ya darasa la nne pembeni na nimefunga mlango. Baba yako yuko shambani anapogoa mibuni. Saa moja iliyopita nilikwenda kumwambia jambo, akanijibu, na jibu lake ndilo limenifanya nikae kuandika. Lakini nikianza na jibu hutaelewa. Nianze na kosa.

Kesho unakwenda kusomea gitaa. Walimu wa huko watajua mengi nisiyoyajua. Lipo moja nataka kuwatangulia kulisema kwa sababu ndilo nililokuumizia: mapigo. Moja, mbili, tatu, nne, na nne ya mwisho wa wimbo iwe na urefu uleule wa moja ya mwanzo. Ni jambo dogo hivyo. Kwa jambo dogo hivyo nilimnyamazisha baba yako, na wewe nikakupiga.

Nilijifunza gitaa chuo cha ualimu. Lilikuwa la mwenzetu mmoja aliyeugua akarudishwa kwao, likabaki juu ya kabati la bweni. Jumamosi wenzangu wakienda kufua, mimi nilibaki nalo. Hakuna aliyenifundisha. Nilisikiliza redio, nikatafuta vidole mpaka vikapatikana. Kufikia mwaka wa pili wasichana walikuwa wanakaa kitandani kwangu kunisikiliza, na hapo nikajiona nimefika.

Mtu anayepiga peke yake hawahi wala hachelewi. Amuwahi nani? Palipokuwa pepesi nilikimbia kwa furaha. Palipokuwa pagumu, kama ule mshiko wa F unaotaka kidole kimoja kibane nyuzi zote sita, nilikimbia kwa hofu, kama mtu anayevuka daraja bovu. Nilikuwa nagonga mguu sakafuni, nikaamini mguu unanihesabia. Mguu ulikuwa wangu, mwanangu. Nilipokimbia ulikimbia nami, na tulipofika tukapongezana.

Nilipomaliza nikapangiwa shule ya hapa Ukata, Mbinga. Mimi Mkinga wa Makete, Mlutheri mtoto wa mwinjilisti, nikaletwa kwa Wamatengo ambao Ukatoliki kwao ni kama kahawa, mtu anazaliwa unamsubiri. Wanaume wa umri wa kaka zangu walinivulia kofia wakasema, "Shikamoo, Mwalimu." Mwanzoni niliona aibu. Baada ya mwaka mmoja niliona kuchelewa kwao kuvua kofia. Padre hakujali dhehebu langu, alijali gitaa. Alinikabidhi kwaya ya kigango, na kwenye kwaya ile nikamkuta Kasiani, mpiga ngoma.

Baba yako unamjua kama mtu wa "ndiyo" na "hapana". Huyo ni mtu niliyemtengeneza mimi. Kasiani niliyemkuta alikuwa anachekesha hata watu waliokuja kuzika. Alichekesha kwa Kimatengo. Kiswahili chake kilikuwa cha shule ya msingi, alikuwa akisema mwenyewe kwamba ni Kiswahili cha kununulia chumvi. Nami Kimatengo sikujifunza. Miaka ishirini na miwili nimeishi katika lugha ya watu bila kuigusa, kwa sababu mwalimu ndiye anayesubiriwa. Kwa hiyo mwanaume niliyeolewa naye nilimjua upande mmoja tu, ule ambao hakuwa na maneno.

Ngoma alijifunza kwa wajomba zake, kwenye mganda. Unaijua ile ngoma kubwa ya mganda: mkono ukiteleza mara moja tu, mstari mzima wa wanaume wenye kaptura nyeupe unajikwaa mbele ya wake zao. Hiyo ndiyo shule aliyosoma. Mimi nilikuwa na cheti, kwa hiyo sikuihesabu kuwa shule.

Tulipokuwa tukipiga hakuangalia ngoma yake. Aliangalia mkono wangu wa kulia, toka mwanzo wa wimbo mpaka mwisho. Nilidhani ni mapenzi. Mapenzi yalikuwepo, tulioana, ukazaliwa wewe. Watu wakasema, "Mwalimu na Kasiani wakipiga ni mtu mmoja." Nilikubali sifa hiyo, na moyoni nilijua huyo mtu mmoja ni nani.

Ulipokuwa na miaka minne tukaalikwa kwenye mashindano ya kwaya kule ziwani, upande wa Mbamba Bay. Tulikuacha kwa bibi. Tulishuka na lori la kubebea kahawa, watu thelathini na sare zetu mpya. Watu wa milimani hatulijui joto lile. Kufika tu, kola za wanaume zilikuwa zimelowa, na harufu ya usipa, dagaa wa ziwa lile, walioanikwa kwenye chanja ilitufuata mpaka ndani ya kanisa. Wimbo wa kushindania nilikuwa nimeutunga mimi. Nilikuwa nimeufundisha miezi mitatu, kila siku baada ya vipindi, na mtu asiyefika nilimsimamisha mbele ya wenzake Jumapili aeleze alikuwa wapi.

Tulianza vizuri. Ubeti wa kwanza ulikwenda kama maji. Ubeti wa pili nikahisi kitu kizito kinanivuta mkono kwa nyuma. Nikavuta mbele, nikijua Kasiani atakuja kama siku zote. Hakuja. Nikamgeukia. Alikuwa haangalii mkono wangu. Alikuwa ameinua uso anaangalia mabati ya paa, na mkono wake unashuka na kupanda, unashuka na kupanda, sawa kabisa na mwanzo. Wanawake wakanifuata mimi. Wanaume wakabaki na ngoma. Kufika ubeti wa tatu tulikuwa kwaya mbili ndani ya sare moja. Mama mmoja wa Kinyasa pale mbele akajifunika mdomo kwa kanga. Halafu benchi lake lote likacheka.

Niliacha kupiga. Katikati ya wimbo, mwalimu wa kwaya, nikashusha mikono. Wimbo ukafa kipande kipande, ngoma ikiwa ya mwisho kunyamaza.

Tukatoka nje, tukasimama ukutani penye kivuli. Wanakwaya walikuwa wanaangalia viatu vyao. Ningeweza kusema, "Poleni, tumekosea." Mwenyekiti wa kwaya, mzee mmoja mtaratibu, alikwisha kufungua mdomo aseme hivyo. Nilimtangulia.

"Kasiani," nikasema, "hesabu mpaka nne."

"Mama Otilia, tuache hili. Twende tukanywe maji."

"Hesabu. Nataka wote wasikie. Watoto wangu wa darasa la kwanza wanahesabu mpaka mia. Wewe nakuomba nne tu."

Akaniangalia. Akahesabu. Mwanaume mzima, baba wa mtoto, mbele ya jirani zake na wakwe wa dada zake: moja, mbili, tatu, nne. Mimi nikampigia makofi, na makofi yangu yakafika nne kabla yake. "Mnaona?" nikawaambia. "Mnaona wenyewe? Anachelewa!"

Mtu mmoja akacheka. Wengine wakafuata, kwa sababu walikuwa wamechekwa ndani na walihitaji mtu wa kumpa kicheko kile. Ningeishia hapo. Sikuishia. Nikasema, "Mikono ya jembe hii. Ngoma siyo ngolo, Kasiani. Hapa huchimbi mashimo."

Wote walikuwa wachimba ngolo. Mashimo yale ya mlimani yanayoshika udongo usiporomoke ndiyo yaliyowasomesha watoto wao, na ndiyo yaliyokulisha wewe. Niliwatukana wote kwa pamoja, na bado wakacheka, kwa sababu nilikuwa Mwalimu.

Baba yako akasema, "Sawa, Mwalimu."

Hakuwa ameniita hivyo toka tulipooana. Umekua ukimsikia ananiita Mwalimu ndani ya nyumba. Siku moja ukaniambia unapenda jinsi baba anavyoniheshimu. Sikukusahihisha. Sasa nakusahihisha.

Alirudisha ngoma kwa mwenyekiti siku ileile, tukiwa bado kwenye lori. Mjomba wake alipofariki, wanaume wa mganda walikuja kumchukua akapige, kwa kuwa marehemu ndiye aliyemfundisha. Akawaambia mkono unamuuma. Walikaa nje saa nzima wakimsubiri. Mimi niliwapelekea uji, nikarudi ndani, nikamkuta amekaa kitandani, mikono imelala magotini, mizima kabisa. Nilifikiri anajua sasa kwamba hawezi. Nilifikiri nimemsaidia kujijua.

Halafu ukaja wewe.

Ulianza na gitaa ukiwa na miaka tisa. Vidole vyako vilikuwa vifupi na nilikuambia hivyo mara nyingi. Mimi napiga makofi, wewe unafuata. Nikiona umebaki nyuma nasema, "Unachelewa," na rula ya mbao inakushukia kwenye kifundo cha mkono. Nilikuwa na imani kwamba umerithi kwa baba yako uzito wa mkono, na kwamba uzito huo unatoka kwa maumivu kama jino bovu linavyotoka.

Ulipokuwa na miaka kumi na moja, Jumapili moja walikuja walimu wenzangu wawili wa kike kunitembelea. Nilikutoa ndani uwapigie. Nikapiga makofi. Ukasimamisha vidole, ukasema taratibu, kwa adabu kabisa, "Mama, mimi sichelewi. Wewe unawahi."

Wageni wakacheka. Mimi pia nikacheka. Wageni walipoondoka nilikupigisha magoti barazani, nikakuambia uinue gitaa juu ya kichwa kwa mikono miwili, useme nani anachelewa. Hukusema. Baba yako akapita na ndoo ya maji kutoka bombani. Akasimama, akakuangalia, akaniangalia, akaendelea kwenda jikoni. Baada ya muda mikono yako ikashindwa, gitaa likaanguka, ubavu ukapasuka. Nikakupiga kwa kuliangusha.

Usiku ule hukulia mbele yangu, wala siku nyingine yoyote toka hapo. Nilijisifu kwa hilo. Nilisema mtoto amekomaa.

Sasa ya simu. Ulikuwa kidato cha pili, likizo ya mwezi wa sita. Ulikuwa umetia kwenye simu yangu ile programu inayogonga tik, tik, unaipangia kasi nayo haibadiliki mpaka uizime. Nilikuona unaitumia nyuma ya nyumba, umeegemeza simu kwenye jiwe. Kesho yake asubuhi ulipokwenda mashineni kusaga, nilichukua simu na gitaa, nikaenda shuleni. Shule ilikuwa tupu. Nikaingia darasa la saba, nikaweka simu mezani, nikapiga wimbo uleule wa ziwani.

Ubeti wa kwanza tulikwenda pamoja, mimi na mashine. Kuingia wa pili mashine ikaanza kuchelewa. Nikasema simu mbovu. Nikarudia. Ikachelewa palepale, kwenye neno lilelile. Nikarudia mara ya tatu nikijirekodi, nikasikiliza mwenyewe, dirisha limefungwa. Otilia, kujisikia unakosea ni jambo jingine kabisa. Mkono wangu ulikuwa unakaribia ile F, na kabla haujaifikia ulikuwa umeanza kukimbia. Ukishaivuka haupunguzi, unafurahi kuwa umevuka, unazidi kukimbia. Niliposikia hivyo nililiona paa la kanisa lile, na uso wa baba yako umeinuliwa juu. Nikaelewa nilichokuwa nimemfanyia. Nikaelewa na ile Jumapili yako barazani. Yote mawili kwa wakati mmoja, nimekaa kwenye dawati la mtoto.

Unadhani nilifanya nini? Niliifuta programu.

Uliporudi na unga ukaniuliza nani ameifuta. Nikasema simu ilikuwa imejaa.

Toka hapo nimekuwa nikijifunza kwa siri. Shule ikifungwa nakwenda stoo ya vitabu na simu yangu, na programu niliyoirudisha nikaificha usipoweza kuiona. Nikuambie nilichokipata, kwa kuwa nimekilipia kwa ngozi ya watu wengine. Usiamini sehemu unayoipenda. Ndiko mkono unakokimbilia. Sehemu unayoiogopa ipige polepole mpaka ikuchoshe, kwa sababu kitu kilichokwisha kukuchosha hakikutishi tena. Mashine isikugongee kila pigo, utakuwa kipofu anayeshikwa mkono. Iache igonge moja na tatu. Ukizoea, igonge moja tu. Ukizoea na hapo, igonge mara moja katika duru mbili za mapigo manne, na katikati ubaki peke yako gizani. Ukirudi ukakutana nayo mlangoni, uko sawa. Usipokutana nayo, usiilaumu. Mimi bado nakimbia. Tofauti ni kwamba sasa najua nakimbilia wapi, na nikifika pale naumia kwanza.

Na jingine, ambalo nilidhani sitaliandika. Mwezi uliopita ulipiga kwenye misa ya mavuno. Nilikaa benchi la nyuma. Niliweka mkono kwenye mfuko wa sketi nikawa nahesabu kwa kidole gumba, natafuta utakapoteleza. Nilitafuta wimbo mzima. Hukuteleza popote. Ulikuwa umekaa pale na vidole vyako vifupi, na kanisa zima linatembea juu ya mkono wako bila kujua linatembea juu ya kitu. Kilichonipanda moyoni hakikuwa furaha. Ulipotoka ukanijia, uso unang'aa, ukauliza, "Mama, imekuwaje?" Nikasema uzi wa tatu ulikuwa chini kidogo.

Haukuwa chini. Ulikuwa sawa. Kila kitu kilikuwa sawa.

Nilijiambia, asiondoke na uongo huu wote. Na kwa kuwa mtu wa kwanza niliyemkosea ni baba yako, leo baada ya chakula cha mchana nilimfuata shambani. Alikuwa mstari wa chini, mkasi mkononi, anaondoa machipukizi. Nilisimama kati ya mibuni kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

Nikasema, "Baba Otilia, siku ile kule ziwani. Hukuchelewa. Niliwahi mimi."

Akakata chipukizi moja, akalitupa. "Najua."

"Umejua lini?"

"Toka kabla ya kukuoa."

Nilidhani Kiswahili kimempotea. Nikamuuliza maana yake nini. Akaniambia, na ndiyo hotuba ndefu kuliko zote nilizopata kwake kwa Kiswahili. Mazoezi ya kwanza kabisa alisikia kwamba nakimbia. Kwa hiyo akawa anaangalia mkono wangu wa kulia ili aone unapoanza kukimbia, naye akimbie pamoja nami, na kwaya isijue. Kila wimbo, kila Jumapili, miaka sita. Watu wakasikia ngoma na gitaa pamoja, wakasema ni mtu mmoja. "Nilikuwa napiga vibaya makusudi," akasema, "ili wewe upige vizuri. Wajomba zangu walikuwa wananicheka. Siku ile ziwani nikasema, leo mbele ya watu wageni nipige kama nilivyofundishwa. Mara moja tu. Siku ile ndiyo siku pekee niliyopiga sawasawa."

Ndipo nikauliza swali ambalo lingekuwa afadhali nisiliulize.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulishawaambia watu sijui kuhesabu. Asiyejua kuhesabu atasema nini?"

"Siyo siku ile. Baadaye. Nilipokuwa nampiga mtoto. Ulijua yuko sawa?"

Mkasi ukasimama. "Nilijua."

"Ile Jumapili ya barazani?"

"Nilikuwa nasikiliza toka bombani. Mtoto yuko sawa, wewe unawahi. Kila rula uliyompiga nilijua siyo haki yake."

"Na ukapita na ndoo yako."

"Nikapita."

Nikamuuliza kwa nini. Alirudi kukata machipukizi, nikadhani ndiyo basi, amerudi kwenye "ndiyo" na "hapana". Halafu akasema bila kuniangalia, "Nilitaka uendelee kukosea. Ningesema, ungejirekebisha. Nilitaka siku moja ujue mwenyewe, na ukishajua uwe umeharibu kitu usichoweza kukitengeneza. Mimi nilikuwa sitoshi. Nilijua mtoto atatosha."

Nimeishi na mtu huyu, nimempikia, nimemwita mzito. Nilikuwa nimekwenda shambani kumwomba msamaha. Sasa nilitaka kumpiga. Nilitaka kumwambia yeye ni mbaya kuliko mimi, kwa sababu mimi nilikosea nikidhani niko sawa, na yeye alikuwa sawa akaacha ukosewe. Sikusema. Sina mahali pa kusimama nikasema.

Nikageuka niondoke. Akaniita, "Mwalimu." Nikasimama.

"Utamwandikia?"

"Nitamwandikia yangu. Yako nitayaacha."

"Mwandikie na hili la ndoo. Lote, kama nilivyolisema. Asiende na baba wa uongo."

Nimeliandika, kama alivyolisema.

Hatukuombi kitu, Otilia. Huko unakokwenda watakupa watu wa kupiga nao. Atakayekufuata kila unapokwenda mwogope, hata kama anakupenda. Atakayekataa kukufuata, msikilize kwanza kabla hujamgeukia. Na siku ukiwa na mtoto mbele yako na gitaa mkononi mwake, akakuambia unawahi, weka makofi chini.

Nasikia mbwa wa jirani wanabweka. Nadhani ni wewe unapanda mlima. Barua hii nitaishonea kwenye mfuko wa ndani wa begi la gitaa, na utaikuta utakapofika na kulifungua. Kesho alfajiri tutakusindikiza wote wawili mpaka stendi ya Mbinga. Utakuwa hujaisoma. Utamkumbatia baba yako, utanikumbatia na mimi, kwa nguvu zile zako, na hakuna hata mmoja wetu atakayekuzuia. Tumekubaliana hivyo, pale shambani. Ni kitu cha mwisho tunachokuibia.

Mama yako